Kahawa Humkumbusha Mdogo Wangu, Mbona Mimi Hunisahaulisha?

SWALI

Mheshimiwa Mshauri,

Shikamoo. Nimebakiwa na wiki tatu kabla ya kurudia mtihani ambao sikutarajia kuufeli, na kinachonitatiza zaidi ya mtihani wenyewe ni kikombe cha kahawa.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31. Ninasomea uhasibu pamoja na mdogo wangu wa kiume anayenifuata kwa kuzaliwa, na sote tunaishi na mama yetu. Jioni baada ya kazi tunasoma kwenye meza moja na kunywa kahawa kutoka birika moja. Yeye hunywa kahawa kila siku kwa miaka mingi sasa, ilhali mimi huinywa msimu wa mitihani tu. Mahali fulani nilisoma kwamba kahawa ikinywewa baada ya kusoma huimarisha yale yaliyosomwa, hivyo kwa muda wa wiki mbili nilikuwa ninafunga daftari saa mbili usiku, ninakunywa vikombe viwili, kisha ninajilaza. Usingizi ulikuja kwa shida, na ulipokuja ulikuwa mwepesi.

Asubuhi ya mtihani tuliamka pamoja, tukanywa vikombe viwili kila mmoja saa moja, na saa tatu tukawa ukumbini. Swali la pili lilitaka sifa sita za taarifa ya fedha yenye manufaa. Mshauri, sifa hizo nilikuwa nimeziandika kwa mkono wangu mara zisizohesabika. Niliuona ukurasa akilini: upande wa kushoto, wino wa buluu, na mstari niliopiga kwa rula chini ya kichwa cha habari. Maneno yenyewe hayakuwepo. Moyo ulikuwa unanidunda shingoni na kalamu ilitikisika hadi nikalazimika kuiweka chini. Niliandika mbili, nyingine nne zikanipotea. Jioni nilipokuwa nimekaa kitandani ninavua viatu, zote sita zikaja zenyewe, kwa mpangilio wake.

Mdogo wangu alifaulu, na anaapa kwamba bila kahawa asingekumbuka kitu. Mama, ambaye ana miaka 69, naye anasema kikombe chake cha saa tisa alasiri ndicho kinachomrudishia majina ya watu. Je, ubongo wangu una kasoro? Niache kahawa kabisa kabla ya mtihani, au ninywe zaidi ili nizoee kama mdogo wangu? Sina ugonjwa wowote ninaoujua, na dawa pekee ninayotumia ni vidonge vya uzazi wa mpango. Mdogo wangu naye ni mzima, isipokuwa anavuta sigara, jambo ambalo tunagombana nalo kila siku.

Wako,
Dada Mkubwa

JIBU

Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye mistari ya mwisho, pale ulipotaja vidonge na sigara kana kwamba ni mambo ya pembeni. Kwa maoni yangu hapo ndipo sehemu kubwa ya jibu lako ilipo. Lakini kwanza niliondoe lile linalokuumiza: ubongo wako hauna kasoro. Maneno sita yaliyorudi jioni, ukiwa umekaa kitandani unavua viatu, yasingeweza kurudi kama hayakuwa yamehifadhiwa. Ulichokikosa saa tatu asubuhi ni njia ya kuyafikia, na kusahau kwa namna hiyo ni tofauti kabisa na kutojua.

Tuanze na kazi ambayo kafeini, yaani kile kiamshi kilichomo kwenye kahawa, huifanya hasa. Tangu tunapoamka, kadiri chembe za ubongo zinavyofanya kazi ndivyo kemikali iitwayo adenosini inavyozidi kulimbikana. Adenosini hukaa kwenye vipokezi vyake juu ya chembe hizo na kuzipunguzia kasi, na matokeo yake tunayahisi kama uzito wa kope ifikapo jioni. Kafeini ina umbo linalokaribiana na la adenosini kiasi cha kuweza kukalia vipokezi vile vile bila kuvipa amri yoyote. Adenosini inapofika hukuta kiti kina mtu. Uchovu haujaondoka, ila habari zake hazifiki. Kwa hiyo kahawa haiingizi kichwani hata neno moja la daftari lako. Inachobadilisha ni kiwango cha kuwa macho, na kumbukumbu hunufaika au huumia kulingana na kiwango ambacho mtu alikuwa nacho kabla ya kunywa.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1908 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua kati ya visanduku viwili kwa kutumia mishtuko midogo ya umeme. Waliona kwamba kazi ilipokuwa ngumu, panya waliopata mshtuko wa wastani walijifunza haraka kuliko waliopata mshtuko hafifu mno au mkali mno. Wanasaikolojia waliofuata walilipanua wazo hilo kwa binadamu: mwamko wa mwili na akili unapoongezeka, utendaji hupanda hadi kilele, kisha huteremka, na kadiri kazi inavyodai umakini wa ndani ndivyo kilele hicho kinavyofikiwa mapema. Kukaa macho katika kazi inayochosha huvumilia kahawa nyingi. Kuvuta maneno sita mahususi kutoka kichwani, huku saa ya ukutani ikikimbia, hakuvumilii. Nadhani mdogo wako aliingia ukumbini akiwa bado anapanda mlima huo, nawe ulikuwa umekwisha kuupita na unateremka upande wa pili.

Lakini vikombe vilikuwa viwili kwa viwili, utasema. Vilikuwa sawa mezani tu. Takribani kafeini yote tunayokunywa huvunjwavunjwa na ini kwa kutumia kimeng'enya kimoja kinachoitwa CYP1A2, na kasi ya kimeng'enya hiki hutofautiana mno kati ya watu. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini huondoka mwilini kwa muda wa saa 5 hivi, lakini wapo wanaotumia chini ya saa 2 na wapo wanaokaribia saa 10. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kurithi, kwani badiliko la herufi moja katika jeni ya kimeng'enya hicho linatosha kumfanya mtu awe mwepesi au mzito wa kuisafisha kafeini, na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kurithi nakala tofauti. Sehemu nyingine hutokana na maisha ya kila siku. Moshi wa sigara hukichochea kimeng'enya hiki, hivyo mvutaji huondoa kafeini karibu mara mbili ya kasi ya asiyevuta. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni hufanya kinyume chake, kwa kuwa hukipunguza nguvu, na muda wa kuondoa nusu ya kafeini huongezeka karibu mara mbili.

Sasa chukua kalamu, kwa kuwa wewe ni mhasibu na hesabu hii utaielewa haraka kuliko wengi. Kikombe kimoja cha kahawa ya kuchemsha hubeba miligramu 95 hivi za kafeini, na kwa wepesi wa hesabu tuseme vikombe viwili vina 200. Tuseme pia kwamba vidonge vyako ni vya aina niliyoitaja na kwamba mwili wako unahitaji saa 10 kuondoa nusu, ilhali mdogo wako, kwa msaada mbaya wa sigara, anahitaji saa 3. Vile vikombe vya saa mbili usiku vilikuachia miligramu 100 nzima hadi saa kumi na mbili alfajiri. Saa moja ukaongeza 200 nyingine. Ilipofika saa tatu, karatasi ya maswali ikiwa mbele yako, mwili wako ulikuwa na zaidi ya miligramu 250. Mdogo wako, hata kama naye alikunywa viwili usiku uliotangulia, alikuwa amebakiwa na 10 tu za usiku, na jumla yake saa hiyo ilikuwa kama 135. Haya ni makadirio, kwa maana sijakupima, lakini hata ukipunguza namba zangu kwa robo bado utaona kwamba dada aliingia ukumbini na mzigo unaokaribia maradufu ya ule wa kaka yake. Na hapo sijahesabu kwamba ulikuwa umefanya hivyo kwa wiki mbili mfululizo, kila usiku ukianza kabla masalia ya jana hayajaisha.

Ongeza juu yake suala la mazoea. Ubongo wa mtu anayekunywa kila siku huelekea kuongeza vipokezi vya adenosini, ndiyo maana kikombe kile kile hakimshtui tena kama zamani. Kwa kiasi fulani, kikombe cha asubuhi humrudisha tu mahali ambapo wewe huamka bila kunywa chochote. Anapoapa kwamba bila kahawa asingekumbuka kitu, simbishii, lakini sehemu ya anachokieleza ni adha ya kuikosa. Wewe, mnywaji wa msimu, huna kinga hiyo. Tena wapo watu ambao vipokezi vyenyewe vimeumbwa tofauti: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, miligramu 150 zilitosha kuwatia wasiwasi watu wenye aina fulani ya jeni iitwayo ADORA2A, ilhali wengine waliopewa kiasi hicho hicho hawakuhisi hivyo. Sijui jeni zako na sitakushauri utumie fedha kuzipima. Moyo uliodunda shingoni na kalamu uliyoiweka chini vimekwisha kukupa habari unayoihitaji. Wasiwasi wa namna ile huijaza ile sehemu ndogo ya akili ambayo mtu huitumia kushika mambo machache kwa wakati mmoja, na anayejaribu kukumbuka maneno sita huku akisikiliza moyo wake anafanya kazi mbili kwa nafasi ya moja.

Ulisoma kwamba kahawa baada ya kusoma huimarisha kumbukumbu, na hilo halikutoka hewani. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha jaribio ambalo vijana wasiokuwa na mazoea ya kafeini walioneshwa picha, wakapewa kidonge baada ya kuzitazama, na kesho yake wakapimwa. Waliopewa miligramu 200 walizitofautisha vizuri zaidi picha zilizofanana lakini si zile zile. Miligramu 100 hazikuwasaidia, na 300 hazikuwa bora kuliko 200. Habari hiyo ilienea kwa kasi, na ilipokuwa ikienea yaliachwa nyuma mambo mawili. La kwanza ni kwamba faida ilionekana katika aina moja finyu ya kumbukumbu, yaani kutofautisha vitu vinavyokaribiana, na waliolirudia jaribio hilo baadaye waliona kwamba faida hiyo, kama ipo, ni ndogo. La pili, na hili ndilo lililokuponza wewe, ni kwamba hakuna jaribio linaloweza kukupa faida ya kikombe cha saa mbili usiku bila kukutoza usingizi.

Hapa naomba uniruhusu nikae kidogo, kwa sababu ninaona wanafunzi wengi wakiharibu kwa mkono wa kushoto walichojenga kwa mkono wa kulia. Yale uliyosoma jioni hayajatulia bado unapofunga daftari. Ni katika usingizi, hasa ule mzito wa saa za mwanzo za usiku, ndipo ubongo huyapitia tena na kuyahamisha kutoka hifadhi ya muda hadi hifadhi ya kudumu. Kafeini huupunguza usingizi huo mzito hata kwa mtu anayesema kwamba analala vizuri. Utafiti mmoja wa mwaka 2013 uliwapa watu miligramu 400 muda wa saa 6 kabla ya kulala, na vipimo vikaonesha kwamba walipoteza zaidi ya saa 1 ya usingizi. Hao walikuwa watu wa kawaida. Kwa mwili unaosafisha taratibu kama wako, saa 6 ni kama saa 3 tu kwao. Kwa hiyo wiki zile mbili ulikuwa unasoma kwa bidii na kisha kuuzuia ubongo wako usihifadhi kwa uthabiti kile ulichokisoma. Kwamba hata hivyo maneno yote sita yalikuwepo jioni ile ni sifa kwa bidii yako, na ningependa ulijue hilo.

Basi tufanye nini katika wiki hizi tatu? Usijaribu kunywa zaidi ili uzoee kama mdogo wako. Kuzoea hakutaifanya kahawa ikusaidie zaidi, na masalia yatakuwa mengi zaidi. Kuacha kabisa hakuhitajiki, ila kikombe cha usiku lazima kiondoke, na kianze kuondoka leo. Ukipunguza ghafla unaweza kupata maumivu ya kichwa na uzito wa mawazo, ambavyo huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, hufikia ukali wake siku ya kwanza au ya pili, na kwa kawaida huwa vimekwisha ndani ya siku 9. Una muda wa kutosha kuvipitia sasa, lakini hutakuwa nao katika wiki ya mtihani. Kwa hiyo usiku wa leo kunywa kimoja badala ya viwili, baada ya siku tatu kunywa nusu, kisha uache. Kikombe kimoja cha asubuhi kinaweza kubaki. Ukikinywa saa moja, hata kwa kasi ya mwili wako, saa sita usiku utakuwa umebakiwa na miligramu 30 hivi, kiasi ambacho watu wengi hulala nacho bila shida. Baada ya saa tano asubuhi usinywe tena, wala usihamie kwenye chai ya rangi ukidhani umeepuka, kwa maana kikombe chake nacho kinaweza kubeba karibu nusu ya kafeini ya kahawa.

Pale ambapo ungekunywa kahawa mchana ili uendelee kusoma, lala. Ninasema hivi kwa uzito wote. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2008, watu waliojifunza orodha ya maneno na kisha wakalala mchana waliyakumbuka vizuri kuliko waliopewa miligramu 200 za kafeini. Siku za mapumziko, saa moja ya usingizi wa mchana itaifanyia orodha yako ya sifa sita kazi ambayo birika zima haliwezi.

Kisha jipime mwenyewe, kwa sababu wastani wa watafiti ni wa watu wengi na wewe ni mmoja. Chagua asubuhi nne. Asubuhi mbili kunywa kikombe chako kimoja saa moja pamoja na chakula, na asubuhi mbili usinywe; mbili hizi za pili ziweke mwishoni, maumivu ya kichwa yakiwa yamekwisha. Saa tatu kamili kila asubuhi, kaa na maswali ya mitihani iliyopita bila daftari, na uandike umepata mangapi, ulilala saa ngapi, na moyo ulikuwaje. Namba zikiwa bora bila kahawa, ingia ukumbini bila kahawa na usimwonee haya mtu. Zikiwa bora ukiwa na kikombe kimoja, kunywa hicho kimoja, cha ukubwa ule ule na saa ile ile, wala usiongeze cha pili kwa sababu ya hofu.

Vidonge vyako usiviache kwa ajili ya kahawa. Muulize mfamasia kama ni vya aina yenye estrojeni, na kila unapopewa dawa mpya mtajie kahawa unayokunywa, kwa sababu baadhi ya dawa, kama vile kiuavijasumu kiitwacho siprofloksasini, nazo huzuia kafeini isitoke mwilini. Na kama moyo utaendelea kudunda vile katika siku ambazo hujanywa, mwone daktari wala usiningojee mimi.

Mama mwachie kikombe chake. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walichapisha matokeo ya kuwapima kumbukumbu watu wenye zaidi ya miaka 65, wale wanaojiona kuwa watu wa asubuhi, mara ya kwanza saa mbili asubuhi na mara nyingine saa kumi jioni. Waliokunywa kahawa iliyoondolewa kafeini walishuka alama jioni, ilhali waliokunywa yenye kafeini hawakushuka. Anachokueleza kuhusu majina ya watu kinalingana na matokeo hayo. Muulize tu kama usiku analala vizuri, na kama halali, kikombe kisogezwe mapema kidogo.

Kuhusu mdogo wako, endelea kugombana naye juu ya sigara, lakini siku atakapokusikia umwambie jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: moshi ukikoma, kile kimeng'enya kinarudi kwenye kasi yake ya kawaida ndani ya siku chache, na vikombe vile vile alivyovizoea vitaanza kubaki mwilini mwake karibu mara mbili ya muda. Atatetemeka, atakosa usingizi, na atadhani kwamba ni sigara inayomwita. Apunguze kahawa kwa nusu kuanzia siku ile ile anayozima ya mwisho.